Shirika la hisani limekuja na kampuni na serikali kwenye mikoko yetu. Tutie saini?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kutunza mikoko kwenye hori moja huku kaunti ya Kilifi. Mikoko yetu ni kama hekta 80. Mwezi uliopita lilitujia shirika la hisani kutoka Uingereza, likiwa na watu wa kampuni moja na afisa wa misitu, wakatueleza habari za maendeleo endelevu na biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu unaizuia isiingie angani. Wanasema msitu wetu utatoa tani 10,000 za hewa hiyo kila mwaka, na mkataba ni wa miaka 40. Vijana wamefurahi. Wazee wanauliza tangu lini tajiri na serikali wakaketi mkeka mmoja na mvuvi, mvuvi akaondoka na kitu. Nauliza: hili shirika liko upande wa nani? Na je, tutie saini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la pili maana ndilo lenye haraka: msitie saini bado. Sijasema mkatae. Nimesema bado. Mikoko hiyo ilikuwepo kabla ya babu zenu, haitakimbia mkikaa miezi sita mkiuliza maswali.

Kilichonifanya niseme bado ni hesabu moja ndogo. Mradi unaojulikana zaidi kwenye pwani yetu ni Mikoko Pamoja, kule Gazi, kaunti ya Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Wana hekta 117 na kiasi wanachouza ni takriban tani 3,000 kwa mwaka. Gawanya: ni kama tani 25 na nusu kwa hekta. Wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wana hekta 460 na mradi wao ulipangiwa tani 5,000 na kitu kwa mwaka. Hapo hekta moja haifiki hata tani 12. Sasa nyinyi mna hekta 80, mmeahidiwa tani 10,000. Hizo ni tani 125 kwa kila hekta, karibu mara tano ya Gazi na zaidi ya mara kumi ya Vanga. Ama mikoko ya Kilifi ina miujiza yake, ama aliyepiga hesabu alikuwa na haraka ya saini.

Huenda wana maelezo. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haimo kwenye mti, imelala kwenye tope chini yake, na huenda wameihesabu hiyo. Sawa, basi waseme, na waseme kwa nini wanaamini tope hilo lingeharibika kama wao wasingekuja. Maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: ile tani mnayouza si tani ya mbao wala ya kuni. Ni tani ya hewa ukaa ambayo ingeingia angani lakini haikuingia kwa sababu mradi wenu upo. Mnalipwa kwa jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuzikuza tani kwa kueleza hatari kubwa kuliko iliyopo. Akiandika kwamba msitu wenu ungefyekwa wote ndani ya miaka mitano, namba inapanda. Nanyi mnajua kama ungefyekwa au la. Muulizeni: umeandika kwamba sisi tungekata kiasi gani? Mkishasikia jibu mtacheka au mtakasirika, na kwa vyovyote mtajua mnazungumza na mtu wa namna gani.

Na msimwachie mgeni awahesabie miti yenu. Kupima mikoko si elimu ya ajabu. Siku ya kwanza nilipokwenda kupima na kikundi cha kina mama nilizama tope hadi magotini, na ndara moja imebaki huko mpaka leo. Mama aliyekuwa akituongoza alishika tepu ya fundi cherehani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyoning'inia kama miguu ya buibui, hauupimi pale unapoupima mwembe. Unapanda juu ya mzizi wa mwisho, sentimita 30 hivi, ndipo unazungusha tepu. Anataja mti, anataja namba: mkoko, kumi na mbili, mkandaa, sita, mkandaa, tano na nusu, mchu, ishirini na moja. Binti yake kakaa juu ya kisiki anaandika kwenye daftari la shule lililofungwa nailoni. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kilituchukua asubuhi nzima, maji yakaanza kujaa tukatoka. Viwanja ishirini vya namna hiyo, vikichaguliwa bila upendeleo, vitawapa picha ya msitu wenu ambayo mtaalamu atakaa nayo mezani kwa heshima. Kikundi chenye daftari lake hakidanganywi kirahisi na mwenye kompyuta.

Sasa shirika liko upande wa nani.

Mashirika ya hisani ya namna hii, yanayokaa na makampuni na serikali badala ya kuwapigia kelele nje ya geti, yamekuwepo muda mrefu. Pale London kuna Forum for the Future, lililoanzishwa 1996 na Jonathon Porritt, Sara Parkin na Paul Ekins, watu waliotoka kwenye harakati za mazingira na siasa za chama cha Kijani. Hoja yao ilikuwa kwamba kulaumu peke yake hakutoshi, lazima mtu aingie ndani ya kampuni awasaidie kubadilisha namna wanavyofanya kazi. Katika miaka hiyohiyo WWF, shirika la uhifadhi, lilishirikiana na Unilever, wauza samaki wakubwa wa wakati ule, kuanzisha Marine Stewardship Council inayotoa alama kwa samaki waliovuliwa bila kumaliza bahari. Kwa hiyo waliokuja kwenu hawakubuni jambo geni. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa moyo safi, na wapo ambao jina "hisani" kwao ni kanzu tu ya kuendea msikitini.

Mimi huwaona kama washenga. Mshenga ana kazi ya heshima: anapeleka barua ya posa, analainisha maneno, anajua pande zote mbili zinataka nini. Anaweza kula pande zote mbili na asiwe mtu mbaya. Lakini mshenga haozeshi. Anayeozesha ni walii, na walii wa msitu huo ni nyinyi pamoja na serikali. Shida huanza pale mshenga anapojisahau akaanza kupokea mahari.

Kujua mshenga wenu kalipwa na nani si siri. Shirika la hisani la Uingereza la namna hii huwa na namba ya usajili, na hesabu zake za kila mwaka ziko wazi kwa mtu yeyote: kama ni la England au Wales, kwa Charity Commission; kama ni la Scotland, kwa OSCR. Ni bure, na unasoma hata kwa simu. Mwambie kijana mmoja wa kidato cha nne akae na hizo hesabu jioni moja, atafute jina la ile kampuni iliyokuja nao. Kama wana ofisi Kenya, waulize usajili wao chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ambayo ilipitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Halafu mkutanoni, mbele ya watu wote, mzee mmoja asimame aulize: kampuni hii iliwapa nyinyi kiasi gani mwaka jana, na ya kazi gani? Shirika safi litajibu kwa takwimu. Pesa ya kampuni kuonekana kwenye hesabu zao haiwafanyi wezi. Ikionekana kwenye hesabu na isionekane kwenye jibu, hapo mmeshapata jibu.

Gazi nao wana shirika lao la hisani, ACES, limesajiliwa Scotland. Kilichonivutia siku zote ni jinsi kazi zilivyogawanywa. ACES inatafuta wanunuzi na kuuza. Kamati ya wanakijiji, iliyochaguliwa kutoka Gazi na Makongeni, ndiyo inayoamua pesa ziende wapi. Upimaji una wataalamu wa kuusimamia, wakiwemo wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, KMFRI, na juu yao kuna kanuni za Plan Vivo, shirika linaloweka viwango vya miradi ya kaboni, na wakaguzi wa nje. Auzaye hapimi, na atumiaye hauzi. Kwenye karatasi mliyoletewa, angalia kama kampuni ileile ndiyo itakayopima, ndiyo itakayouza, ndiyo itakayoshika akaunti, halafu ndiyo itakayowaambia mwaka huu mmepata ngapi. Kama ni hivyo, hata wangekuwa malaika ningekataa, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo daftari lote liko kwapani kwa mtu mmoja.

Kuhusu serikali, wazee wasimkasirikie afisa wa misitu kwa kuwepo. Bila yeye hakuna mradi. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni, na Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Maana yake kijiji hakiwezi kuuza msitu huo na kampuni haiwezi kuununua. Mnachoweza kupata ni haki ya kuutunza na kunufaika nao, na njia yake iko kwenye Sheria ya Misitu ya 2016: mnasajili chama cha jamii cha misitu, CFA, mnaandaa mpango wa usimamizi pamoja na KFS, shirika la serikali la misitu, kisha mnatiliana mkataba wa usimamizi na KFS wenyewe.

Kwa hiyo nikuulize wewe, katibu: hicho kikundi chenu ni CFA iliyosajiliwa na yenye mkataba na KFS, au ni kikundi cha kujitegemea chenye cheti cha ofisi ya maendeleo ya jamii? Hujaniandikia, nami nashuku ni hicho cha pili. Kama ni hivyo basi mkataba wa kaboni unaoletwa sasa umetangulia mbele ya mkataba ulio muhimu zaidi. Mkitia saini ya kaboni kabla hamjapata haki yenu ya msitu kwa KFS, mtakuwa mmeuziana kitu ambacho nyinyi hamjakabidhiwa. Na yule mwenye wakili atajua namna ya kutumia pengo hilo, si nyinyi.

Angalia Gazi walivyofika. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti James Kairo na wenzake, pamoja na wanakijiji, wakaanza kupanda upya pale palipobaki uwanda mtupu. Tani ya kwanza iliuzwa baada ya mradi kuanza 2013. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka ishirini ya kupanda, kupima, kugombana na kupatana, ndipo soko. Wageni wanaokuja kupiga picha hawaioni miaka hiyo. Wanaona ubao wenye nembo na tuzo ya Equator ya 2017. Mtu akikwambia kwamba nyinyi mtafika pale ndani ya miezi minne, mwambie sisi si wepesi hivyo.

Kampuni sasa. Muulizeni ni kampuni ya namna gani, maana ziko za aina mbalimbali na zinavaa suti ileile. Iko inayonunua vyeti vya kaboni ili iseme imefidia moshi wake. Hiyo ni mteja, na mteja hana sababu ya kuwa ndani ya mkataba wenu wa miaka 40. Iko inayoandaa mradi, inatoa mtaji wa mwanzo wa vipimo na ukaguzi, halafu inachukua sehemu ya mauzo. Hiyo ni mbia, na mbia mnajadiliana naye asilimia. Na iko inayonunua tani kwenu kwa bei iliyofungwa leo ili iziuze kesho kwa bei ya sokoni. Huyo ni mchuuzi, ndugu yake ni yule anayesubiri ngalawa ufukweni saa kumi na mbili asubuhi na mizani yake mwenyewe. Wavuvi wenu wanamjua vizuri. Hakuna haja ya kuwafundisha.

Vijana wanaofurahia pesa, wakalishe chini na kalamu. Tuchukulie, kwa mfano tu, tani 25 kwa hekta kama Gazi, hekta 80: ni tani 2,000. Tuchukulie, tena kwa mfano, dola 10 kwa tani. Hizo ni dola 20,000, shilingi milioni mbili na laki sita hivi kwa kiwango cha shilingi 130. Ondoa walinzi, vipimo, ukaguzi, mauzo. Zikibaki milioni moja na nusu na vijiji vyenu vina watu 3,000, kila mtu ana shilingi 500 kwa mwaka. Shilingi 500! Mkigawana mkononi, ni unga wa siku chache na maneno ya mwaka mzima. Gazi na Makongeni hawakugawana mkononi. Waliamua mikutanoni, na pesa zikaenda kwenye maji ya bomba, vitabu vya shule na mambo ya namna hiyo. Shilingi milioni moja na nusu haitamtajirisha mtu, lakini inaweza kuvuta maji hadi shuleni. Kijana akishaelewa tofauti hiyo hatakuwa na hamu ya kutia saini usiku.

Halafu kuna hesabu ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya wageni, nayo ni ya kile mnachoacha. Nyumba zenu zinasimama kwa nguzo, boriti, mazio, pau na fito. Vingi hutoka wapi? Kuni za kukaangia samaki? Miti ya uzio? Mkiambiwa marufuku kukata hata fito, mahitaji hayafi, yanahamia kwenye hori la jirani, na jirani hatakushukuru. Tani mliyoiokoa kwenu imekatwa kwake. Gazi walipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kugusa mikoko. Kwenye mkataba wenu, je, kuna mivinje? Kuna mistari inayosema nani anaruhusiwa kukata nini, kwa kibali cha nani, na kaa na asali na chaza zitaendelea kuchukuliwa kama kawaida? Kina mama wanaotafuta kaa na chaza wameulizwa? Mara nyingi mkutano unafanyika saa ya maji kupwa, wao wako baharini, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba jamii yote ilihudhuria.

Nitakueleza jambo lililonipata. Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kwenye semina ya kijiji kimoja cha pwani, sikitaji. Chai, mahamri, projekta, maneno matamu. Mwisho wa siku ikapitishwa karatasi: jina, namba ya kitambulisho, saini, halafu unapewa nauli shilingi 300. Watu 60 na kitu wakatia saini. Mwaka uliofuata nikapewa nakala ya ombi la mradi, na nyuma kabisa, kama kiambatisho, nikaiona ile karatasi ya nauli. Juu yake kulikuwa kumeongezwa kichwa cha habari: wanajamii walioridhia mradi. Nilitambua hata doa la chai kwenye pembe. Niliandika barua ya kulalamika, nikajibiwa kwa adabu sana, na hakuna lililobadilika. Tangu siku hiyo, nikipewa karatasi ya mahudhurio, ninaandika kwa mkono wangu juu yake: "Nimehudhuria na kupokea nauli. Sijaridhia lolote." Wafundishe watu wako kufanya hivyo. Walioleta karatasi hawatafurahi.

Mambo ya ridhaa si ya kubeza, hata mahakamani. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo ziliundwa kinyume cha katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi yenyewe haikuwa ya kaboni hasa, lakini moja ya hifadhi hizo ilikuwa ndani ya eneo la mradi mkubwa wa kaboni ya malisho, na hukumu ikautikisa mradi mzima. Liambie hilo shirika hadithi ya Isiolo kwa upole. Ridhaa mbovu ni hasara kwao pia, na wakili wao atalielewa hilo haraka kuliko wao.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa 2023, na sasa mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi ya ardhi, mgao wa jamii wa kila mwaka usipungue asilimia 40. Kiwango cha Plan Vivo, ambacho Gazi wanafuata, kinataka angalau asilimia 60 ya mauzo inufaishe jamii. Ukisikia mtu anajivunia kuwapa 40, ujue anajivunia kutii sheria. Na kabla ya kushangilia asilimia yoyote, uliza: asilimia ya nini? Ya mauzo yote, au ya kinachobaki baada ya gharama? Nani anazipanga hizo gharama, na je, mshahara wa mkurugenzi wa ng'ambo na tiketi zake za ndege zimo? Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa ndogo kuliko 15 ya mauzo yote. Iandikwe waziwazi, kwa Kiswahili, na iandikwe kwamba Kiswahili hicho kina nguvu sawa na Kiingereza cha mkataba. Wakikwambia tafsiri ni ghali, wapime kwa neno hilo.

Miaka 40 siipendi. Gazi walianza na 20, kuanzia 2013 hadi 2033. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakuwa na wajukuu wa kuwaza kabla mkataba wenu haujaisha, na wengi wa waliotia saini watakuwa makaburini. Ombeni 20, na kila miaka mitano kuwe na kukaa upya kuangalia bei na mgao, na kuwe na mlango wa kutokea wenye masharti yanayoeleweka. Kama hawataki mlango wa kutokea, jiulizeni wanaogopa mtaona nini huko ndani.

Jambo moja dogo, maana kila kampuni inayokuja hupenda kuanza nalo: siku ya kupanda miche. Fulana zinatoka, kamera zinatoka, mkubwa anapanda mche wa mkoko kwenye tope tupu linalotazama bahari, wanapiga makofi. Miche hiyo hufa. Pale mbele kabisa kwenye mawimbi ni mahali pa mlilana. Mkoko unakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Wakija, waonyesheni pa kupanda. Wakikataa kwa sababu picha haitoki vizuri, hilo nalo liandikeni kwenye daftari.

Sasa fanya hivi. Chagueni watu wanne: wewe, mweka hazina, mama mmoja wa kaa na chaza, na yule mzee anayepinga kuliko wote. Huyo usimwache, hata akinuna njia nzima. Nendeni Gazi, pandeni matatu mpaka Likoni, vukeni feri, chukueni ya Lungalunga mshuke njia panda ya Gazi. Safari hiyo ilipiwe na kikundi chenyewe, wageni wasiwalipie nauli. Kapigeni simu mapema, wenyeji wana utaratibu wa kupokea watu, na kina mama wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko ambalo mtalipia kiingilio kidogo. Msiombe kuonana na mwenyekiti tu. Ombeni kuona daftari la matumizi, kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita, na mtu mmoja kijijini asiyeupenda mradi. Kila kijiji kinaye. Kaeni naye kwa chai, msikilizeni, halafu rudini kwa kamati na maswali yake.

Mkirudi Kilifi, niandikie tena, na safari hiyo niletee nakala ya mkataba wenyewe, kurasa zote pamoja na viambatisho vya nyuma. Nitaanza kusoma kutokea huko nyuma.